Staji isiishie mjini



Kati ya vijana wanaosomea uuguzi hapa Lubumbashi, wako watakaokabidhiwa kituo cha afya Kasenga, Pweto au Mitwaba. Vituo vingi vya huko vijijini havina daktari. Muuguzi mkuu ndiye anayempima mtoto mwenye malaria, anayeandika dawa, anayeamua nani akimbizwe hospitali usiku, barabara ikiwa tope tupu.

Mbona basi staji nyingi, yaani mafunzo ya vitendo, zinafanyika mjini, wanafunzi wamejazana kuzunguka kitanda kimoja cha mgonjwa? Nchini Kenya, maofisa tabibu, wanaotibu bila kuwa madaktari, hufanya kazi mwaka mzima chini ya usimamizi kabla ya kujitegemea. Wetu nao wapelekwe vijijini angalau miezi mitatu, kando ya muuguzi mzoefu. Nauli na chumba vilipwe na serikali. Wazazi tumebanwa na ada.

Mzazi, Katuba, Lubumbashi