Simba ya Mo: bei ya mnada au bei ya kangomba?

Korosho mpya zinapoanza kuingia maghalani kila Oktoba, mfanyabiashara mzoefu wa Masasi au Newala huuliza maswali mawili kabla hajauliza bei. Wanunuzi waliojitokeza ni wangapi? Na muuzaji ana hali gani? Mnunuzi akiwa mmoja, bei hulala. Muuzaji akiwa na shida nyumbani, bei hulala zaidi, na hapo ndipo biashara ya kangomba inaposhamiri: mzigo unachukuliwa kwa bakuli kabla ya mnada, kwa fedha ya kumaliza matatizo ya siku mbili tatu.

Maswali hayo mawili hayakuulizwa vya kutosha wakati Mohammed Dewji, maarufu kama Mo, alipoingia Simba kwa mlango wa hisa. Mashabiki walikuwa wakishangilia. Wapinzani wake nao walikuwa wakilaumu bila kupiga hesabu. Na bado suala hili linawahusu watu wa huku kusini, kwa sababu kila mwenye kadi ya uanachama ni sehemu ya ile asilimia 51 iliyobaki kwa wanachama, na siku hisa hizo zitakapowekewa bei, fedha ya korosho nayo itatakiwa.

Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, akasoma Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani, kisha akarudi katika kampuni ya baba yake, Mohammed Enterprises, inayofupishwa MeTL. Nyumba hiyo ilianza kwa kununua na kuuza bidhaa, ikapanuka hadi viwanda vya nguo, mashamba ya mkonge, mafuta ya kula, sabuni na vinywaji. Sehemu ya ukuaji huo ilitokana na mali za umma zilizouzwa wakati wa ubinafsishaji, ambapo wenye fedha taslimu na uvumilivu walipata vitu kwa bei ambayo leo isingewezekana. Kuanzia 2005 hadi 2015 alikuwa pia mbunge wa Singida Mjini.

Katika mpira alianza kama mfadhili. Kati ya 1999 na 2005 ndiye aliyekuwa nyuma ya Simba, na ni katika kipindi hicho, mwaka 2003, Simba iliitoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo. Baadaye aliinunua timu ya Mbagala Market, ikapewa jina la African Lyon, kisha ikapita mikononi mwa wengine. Jambo hilo la pili husahaulika, lakini kwa mwekezaji lina uzito kuliko la kwanza. Lyon ilikuwa mali yake, timu ikacheza Ligi Kuu, lakini haikuwa na watu. Bila shaka alijifunza hapo kwamba katika mpira wa Tanzania kinachouzika ni wale wanaovaa jezi siku ya Jumamosi. Wachezaji na uwanja huja baadaye, na watu hao wako Simba na Yanga.

Mfadhili na mwekezaji si mtu mmoja. Mfadhili hutoa, hushangiliwa, akichoka huondoka na hakuna anayemdai. Mwekezaji hununua haki. Mwaka 2016 Dewji alitangaza kwamba yuko tayari kutoa Sh. bilioni 20 apate asilimia 51 ya Simba. Desemba 2017 alitangazwa mshindi wa zabuni ambayo mwombaji wake alikuwa yeye peke yake. Serikali ilisimama juu ya kanuni kwamba wanachama wasishuke chini ya asilimia 51, na hatimaye mwekezaji akabakiwa na asilimia 49 kwa fedha ile ile.

Kalamu na karatasi zinatosha kuona maana yake. Ikiwa asilimia 49 ni Sh. bilioni 20, basi klabu nzima, pamoja na fedha hizo zikishaingia, ilithaminiwa Sh. bilioni 40.8. Ondoa zile 20 za mwekezaji, inabaki Sh. bilioni 20.8. Hiyo ndiyo bei waliyopewa wanachama kwa kila kitu walichokuja nacho mezani: jina lililojengwa tangu 1936, jengo la Mtaa wa Msimbazi, na mamilioni ya mashabiki kutoka Bukoba hadi Newala.

Je, ni bei ya mnada au ya kangomba? Mnunuzi alikuwa mmoja, hilo halina ubishi. Muuzaji naye alikuwa na njaa. Simba ilitwaa ubingwa mwaka 2012, halafu ikakaa misimu mitano ikitazama Yanga na Azam wakipokezana kombe. Mwanachama aliyepiga kura ya ndiyo hakuwa akiuza hisa kichwani mwake. Alikuwa akinunua ubingwa, na muuzaji wa namna hiyo hana nguvu ya kubishana kuhusu bilioni.

Upande wa pili nao usemwe kwa haki. Ubingwa aliupata. Simba ilichukua ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019, 2021, 2023 na 2024. Mei 2025 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kushindwa na RS Berkane ya Morocco. Klabu iliyokuwa ikiendeshwa kwa simu za wazee wa Kariakoo ilipata afisa mtendaji mkuu, bodi na uwanja wa mazoezi kule Bunju. Mnunuzi wa kangomba haendi kupalilia mikorosho ya mtu. Huyu alipalilia.

Matunda yake yanaonekana kwenye kifua cha jezi. Mwaka 2017 SportPesa ilisaini mkataba wa miaka mitano na Simba wenye thamani inayokaribia Sh. bilioni 5. Mwaka 2022 M-Bet ilisaini miaka mitano kwa Sh. bilioni 26. Kifua ni kile kile na muda ni ule ule, lakini bei imepanda zaidi ya mara tano. Mkataba mmoja wa tangazo umepita fedha yote iliyotajwa kununua karibu nusu ya klabu. Watakaosema wanachama waliuza mapema wana hoja. Watakaosema bila Dewji bei isingefika hapo nao wana hoja, ingawa isisahaulike kwamba soko lote lilikuwa linapanda: mwaka 2021 Azam Media ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka kumi kwa Sh. bilioni 225.6, fedha ambayo haikutokana na juhudi ya mtu mmoja wa Simba.

Kuna hesabu nyingine inayotisha kidogo. Januari 2020, baada ya Simba kufungwa na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Dewji alitangaza kujiuzulu uenyekiti wa bodi, akitaja mishahara inayokaribia Sh. bilioni 4 kwa mwaka. Haukupita muda mrefu akabadili uamuzi. Kwa kiwango hicho cha mishahara, Sh. bilioni 20 ni chakula cha miaka mitano tu. Kwa hiyo swali la maana kuliko bei ni hili: fedha ile ni mtaji uliokaa mahali ukizaa, au ni matumizi ya kila mwezi yaliyopewa jina la mtaji? Hundi ilionyeshwa hadharani mwaka 2021. Hundi ni karatasi nzuri kupigia picha. Kwa mwenye hisa, karatasi inayohitajika ni mizania iliyokaguliwa, inayoonyesha nini kiliingia kama hisa, nini kama mkopo na nini kama zawadi. Hayo matatu yakichanganywa, siku ya kuachana kila upande utakuja na daftari lake.

Na siku za kuachana zimekwisha kuonekana kwa mbali. Oktoba 11, 2018 Dewji alitekwa na watu wasiojulikana mjini Dar es Salaam, akapatikana akiwa hai Oktoba 20. Kwa siku zile tisa, mbali na huzuni ya familia, ilidhihirika kwamba mipango yote ya klabu ilikuwa imefungwa kwenye pumzi ya mtu mmoja. Septemba 2021 aliachia uenyekiti wa bodi kwa Salim Abdallah, maarufu kama Try Again. Yanga ikatwaa ligi misimu minne iliyofuata. Juni 2024, baada ya Simba kumaliza ya tatu, wajumbe kadhaa wa bodi walijiuzulu na Dewji akarudi kwenye kiti. Mwenye duka anayelazimika kurudi mwenyewe kwenye kaunta kila mauzo yanaposhuka hajapata meneja.

Yanga wenyewe walionja hayo kabla. Yusuf Manji, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa kila kitu pale Jangwani. Mwaka 2016 alipendekeza kuikodi klabu kwa miaka kumi, wanachama wakamwitikia. Mei 2017 akajiuzulu, na klabu ikaingia ukata hadi mashabiki wakapitishiwa bakuli. Ilipoinuka tena, ilikuwa chini ya fedha za GSM. Katika muda wote huo mwanachama alikuwa na kadi, kura na wimbo, lakini hakuwa na hisa mkononi.

Wakazi wa Masasi hawana haja ya kwenda Jangwani kupata mfano. Ndanda, klabu iliyobeba jina la mji wa misheni ulio njiani kuelekea Lindi, ilipanda Ligi Kuu 2014 na kucheza nyumbani Nangwanda Sijaona, Mtwara. Mwaka 2020 ikashuka. Haikuwa na Mo wala Manji, na mkoa mzima unaouza korosho nje ya nchi haukuweza kuiwekea mtaji wa kudumu. Majirani wa Ruangwa, Namungo, walipanda 2019 wakiwa na jina la waziri mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, kwenye uwanja wao, na wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2020/21. Hiyo nayo ni njia, lakini mwekezaji mdogo atambue kwamba jina la mkubwa ni mtaji wenye tarehe ya mwisho.

Mfano mzito zaidi uko kwenye viwanda. Viwanda 12 vya kubangua korosho vilijengwa nchini kwa mikopo ya Benki ya Dunia miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Masasi na Newala vikiwemo. Vikakwama, vikauzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikageuka maghala ya kuhifadhi korosho ghafi inayosubiri meli. Wakati wa kuuza, mjadala ulikuwa juu ya nani anunue na kwa shilingi ngapi. Masharti ya nini kifanyike ndani ya jengo, na nani aadhibiwe kisipofanyika, yalikuwa dhaifu au hayakusimamiwa.

Simba haiwezi kugeuzwa ghala, lakini udhaifu ni ule ule. Miaka kadhaa baada ya zabuni ya 2017, mchakato wa mabadiliko ulikuwa bado ukipita katika ofisi za serikali, ikiwemo Tume ya Ushindani, huku mwekezaji akiwa ameshakalia kiti, ameshalipa mishahara na ameshasajili wachezaji. Mnunuzi amebeba mzigo kabla stakabadhi haijaandikwa. Katika ghala lolote la MAMCU au TANECU hilo lisingeruhusiwa, na mkulima wa kijijini angekuwa wa kwanza kupiga kelele.

Kwa sasa, hesabu za klabu zikiwa bado hazisomwi na umma kama zinavyosomwa za kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, mwenye fedha ya msimu ana kazi moja tu kabla ya kuitoa. Adai mizania ya miaka mitatu, daftari la wanahisa, na mkataba unaosema nini kitatokea asilimia 49 ikitaka kuuza, na itamuuzia nani.