Ghala limejaa, mtoto kadumaa

Leo nazungumza na mabibi harusi watarajiwa, na sisi tuliokwisha kuzaa tusikilize pia. Tukifundwa, tunafundwa udi, upishi na kukaa na mume. Kumlisha mtoto mara nne kwa siku huku kazi zinakungoja, nani katufunda?

Mfano wangu nautoa mbali na visiwani: Pito, Manispaa ya Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Rukwa ni mkoa wa mahindi, unalisha na wengine. Maharage yapo, ulezi upo, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanafika sokoni. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa taifa zima ni asilimia 30.

Wengi ni wepesi kusema kina mama wa huko hawana elimu. Mimi nasema tazameni siku yao. Msimu wa mvua ndio wa kulima na kupalilia. Mama ameshachota maji na kuwasha kuni kabla hajashika jembe. Mara nyingi mtoto anabaki na dada yake, naye mdogo, na uji wa mahindi uliopoa. Tumbo la mtoto ni dogo, milo miwili ya watu wazima haimtoshi. Kuanzia miezi 6, pamoja na ziwa, anataka chakula mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 hadi 4. Tena kiwe na maharage, mboga, dagaa au yai, si unga mtupu. Yote hayo yanataka mtu na muda.

Na kwetu ni hivyo hivyo. Mama wa Paje anafuata mwani wake maji yakitoka, mwengine yuko dukani au ofisini mpaka jioni.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kwa anayetaka kutimiza, inamuwajibisha baba chakula na nguo za mama, na hata kumuachisha mtoto ziwa mapema inataka wazazi waridhiane na kushauriana. Basi kulisha mtoto si kazi ya mama peke yake.

Kwa hiyo bibi harusi, pamoja na mahari na vyombo, uliza mapema: nikitoka, nani atamlisha mtoto? Mume, mama mkwe, wifi? Mkubaliane. Mtoto awe na bakuli lake mwenyewe, aliyebaki naye ajue saa za kula, nawe ukirudi uone kala kiasi gani. Na baba akiwa nyumbani, ashike kijiko.

Allah atujaalie watoto wenye siha. Amin.