Msikiti Umempa Jina, Nani Atampa Hati?



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Mara nyingi baada ya Swala ya Ijumaa husimama mtu mbele ya safu akatamka shahada. Takbira hupigwa, na kabla hajaketi imamu huuliza: "Tumwite nani?" Majina hurushwa kutoka kila pembe ya msikiti, na moja hushika. Tuseme mtu huyo aliingia akiitwa Daniel mwana wa Masanja. Hutoka akiitwa Ramadhani Abdallah. Hupewa mikono, huchangiwa kanzu na kofia, kisha kila mmoja hushika njia yake. Mwezi huu tunataka kuzungumzia yanayofuata baada ya hapo, kwa kuwa huko ndiko tunakowaangusha ndugu zetu.

Tuliwahi kushuhudia msiba wa mzee mmoja aliyeswali nasi kwa zaidi ya miaka kumi. Alifia hospitalini usiku. Asubuhi waumini walipokwenda kuuchukua mwili, waliambiwa kuwa katika daftari la chumba cha maiti hapana mtu wa jina walilolitaja. Kadi yake ya hospitali, kitambulisho chake na karatasi zote za kazini zilikuwa na jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Adhuhuri walifika ndugu zake kutoka bara, wakiwa na jina hilo na vielelezo vyote. Sisi tulikuwa na ushahidi wa safu tu. Alizikwa kwa taratibu za dini aliyoiacha. Hatuwalaumu ndugu zake, kwani walimzika mtu wao kama walivyomjua. Lawama ni yetu, tuliompa jina bila kumuuliza hata mara moja limeandikwa wapi.

Sasa, je, sharia inamlazimisha anayesilimu abadili jina? Hailazimishi. Masahaba wengi waliingia katika Uislamu na majina waliyopewa na wazazi wao waliokuwa washirikina, wakafa nayo: Umar, Khalid, Bilal, Radhi za Allah ziwe juu yao. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yaliyokuwa na kasoro. Aliyeitwa Asiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Abdurrahman bin Awf naye aliitwa Abdu Amri kabla ya Uislamu, jina la utumwa kwa asiyekuwa Allah. Na yupo Hazn, babu yake Said bin Musayyab, aliyeambiwa na Mtume aitwe Sahl akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Imamu Bukhari amepokea kisa hicho. Hazn hakufanya vizuri, na mjukuu wake alisimulia kuwa ugumu ulibaki katika ukoo wao, lakini hakulazimishwa. Iwapo Mtume hakumlazimisha mtu, ni nani aliyetupa sisi mamlaka ya kumbatiza mtu jina kwa kura ya makelele? Tumepata hata kusikia Yakobo akiambiwa jina lake ni la kikafiri!

Kosa kubwa zaidi liko katika jina la pili. Masanja amefutwa, amewekwa Abdallah. Husemwa kwamba kila mtu ni mja wa Allah, hivyo hapana ubaya. Ubaya upo. Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kwa sababu hiyo Zayd, aliyekuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, alirudi kuwa Zayd bin Haritha. Ikiwa nasaba ya Mtume mwenyewe haikuazimwa kwa mtoto aliyempenda na kumlea, vipi tunaazima jina la Abdallah asiyekuwepo? Ikrima alisilimu, akapigana jihadi, na hadi leo vitabu vinamtaja kuwa ni Ikrima bin Abi Jahl. Baba yake alikuwa adui mkubwa wa Uislamu, lakini alibaki kuwa baba yake. Mzee Masanja wa kijijini, ambaye huenda hajawahi kumwudhi Muislamu yeyote, kakosa nini? Wazazi wengi hawachukii mtoto wao kusali. Huumia wanapoambiwa kuwa ameukana ukoo.

(Na kwa kuwa tunazungumzia nasaba, dada zetu wanaoliacha jina la baba na kuandikwa kwa jina la mume siku ya nikaha nao waitazame aya hiyo. Wake wa Mtume hawakufanya hivyo.)

Tuje kwenye upande wa serikali. Zamani mtu aliweza kuishi na majina mawili bila taabu. Leo haiwezekani. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, jina linalotokea mtu anapotuma mchango wa msikiti ni lile la kitambulisho cha taifa. Mweka hazina anaona "Daniel" na kuuliza huyu ni nani, kumbe ni Ramadhani wa safu ya kwanza. Hilo ni dogo. Kubwa ni vyeti. Baada ya serikali kutangaza mwaka 2017 kuwa watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, tofauti yoyote ya jina inamweka mtu katika shaka. Wapo walionunua kiwanja kwa jina la msikitini, na warithi wao wanashindwa kuthibitisha kuwa marehemu ndiye mnunuzi. Wapo watoto ambao vyeti vyao vya kuzaliwa vinamtaja baba mmoja na kitambulisho cha baba kinamtaja mwingine.

Njia ya halali ipo, nayo ni fupi. Mtu mzima anayetaka kubadili jina Tanzania Bara huandaliwa na wakili hati ya kubadili jina, ambamo hutamka kuwa ameacha jina la zamani na kwamba kuanzia sasa atatumia jina jipya. Hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Kisha huipeleka kwenye kitambulisho cha taifa, benki, mfuko wa pensheni na kwa mwajiri. Vyeti vya mitihani hubaki na jina la zamani, na hati ndiyo inayoviunganisha na mwenyewe. Ndugu zetu wa Kenya wana hati ya namna hiyo, nayo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Asiyetaka kubadili, ila amekuwa akijulikana kwa majina mawili, anaweza kuapa kiapo kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja. Hicho si badala ya hati, lakini kingetutosha siku ile mbele ya chumba cha maiti.

Pamoja na jina, aandike wasia mbele ya mashahidi, aeleze dini yake na namna atakavyozikwa. Mahakama zetu hutazama jinsi marehemu alivyoishi, hazitazami jina pekee. Na maisha ya mtu bila maandishi hugeuka mabishano ya waliobaki.

Tunawaomba maimamu na kamati za misikiti waanze na daftari. Siku ya shahada liandikwe jina lake la kuzaliwa, jina la baba yake, mahali anakotoka, ndugu wa kuulizwa na jina atakalochagua mwenyewe akitaka, baada ya kupewa muda wa kufikiri. Ada ya wakili na ya usajili itolewe katika mfuko wa msikiti. Tunaochangia mazulia kila mwaka hatushindwi na hilo. Na waliosilimu miaka iliyopita waitwe mmoja mmoja, kuanzia wazee, waulizwe vitambulisho vyao vinasemaje.

Wabillahi Tawfiq.