Usiikimbie Kemia Kabla Hujaijua

Kila mwaka vijana wetu wa Kidato cha Nne, Karatu na Ngorongoro, huchagua tahasusi, na kila mwaka maneno ni yale yale: "Fizikia siipendi, nakwenda HGL," yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Mwingine anatamani kuwa daktari wa mifugo, Baiolojia anaiweza vizuri, lakini anazikimbia PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) zote kwa sababu ya Kemia. Vijana wangu, tusemezane.

Kutopenda somo si dhambi. Miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita ni mirefu kwa anayesoma asichokitaka, na HGL inatupa wanasheria na walimu tunaowahitaji. Ninachokikataa ni kuamua gizani. Jiulize kwanza: unachukia nini hasa? Wengi wanaosema wanaichukia Kemia wameiona ubaoni tu, milinganyo ya kunakili na kukariri, huku chupa za maabara zimefungiwa kabatini. Kwa nini ulihukumu somo ambalo hujawahi kulishika?

Tazama mnapoishi. Nyumbu wanapozaa kwenye nyanda za Ndutu, wafugaji wa Ngorongoro huwapandisha ng'ombe milimani, kwa kuwa wazee walijua zamani kwamba ng'ombe akichanganyika na nyumbu wachanga hufa. Wanasayansi wakaja kukuta kirusi ambacho hakimdhuru nyumbu mwenyewe, kinachotoka kwenye makamasi na machozi ya ndama wake katika miezi ya mwanzo. Mzee alijua la kufanya. Maabara ikaeleza sababu. Nani atakayetafuta kinga, kama mtoto wa mfugaji mwenyewe ameikimbia Kemia?

Hata anayekimbilia Historia atalikuta Bonde la Oldupai likimngoja. Fuvu la zamadamu aliloliona humo mtafiti Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 lilijulikana kuwa na umri wa takriban miaka milioni 1.75 baada ya kupimwa jinsi potasiamu iliyomo katika majivu ya volkano inavyogeuka kuwa gesi ya agoni. Hiyo ni Fizikia na Kemia, ndani ya wilaya ya Ngorongoro.

Basi rai yangu ni hii. Kama kazi unayoitaka inalidai somo, lichukue hata kama hulipendi. Kwa anayetoka Kidato cha Sita, udaktari wa binadamu vyuoni kwetu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lakini kama umejitahidi kweli, umefanya majaribio kwa mikono yako, na kazi unayoitaka haiidai Kemia, iache bila aibu. Na ninyi wazazi, msimjazie mtoto fomu ya tahasusi ili mpate sifa ya kuwa na mwanasayansi nyumbani. Miaka miwili hiyo ataisoma yeye.

Kabla hujaamua, nenda kijijini siku ya josho, usimame karibu na bwana mifugo anapochanganya dawa ya kupe. Ikizidi maji, kupe hawafi na ndigana inabaki zizini. Ikizidi ukali, inamdhuru ng'ombe. Muulize hesabu ile aliisomea wapi, na somo gani lilimtoa jasho. Ukisharudi, jaza fomu yako. Na matokeo yakitoka ukaona ulikosea, TAMISEMI hufungua muda wa kubadili tahasusi, lakini ni mfupi, usiungoje ufungwe.