Kaseja na njia ya langoni kutoka Kigoma

Kijana wa kata ya Gungu mwenye ndoto ya kuwa mlinda mlango anaweza leo kuishuhudia Ligi Kuu ndani ya manispaa yake mwenyewe ya Kigoma-Ujiji. Mashujaa FC, timu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ilipanda daraja mwaka 2023 baada ya kuiangusha Mbeya City katika mchezo wa mchujo, na tangu hapo vigogo wa Dar es Salaam wamekuwa wakilazimika kuufuata Uwanja wa Lake Tanganyika. Aprili 2024 Simba ilitolewa hapo hapo katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti.

Mikwaju ya penalti ni habari ambayo Kigoma inaifahamu vyema, kwa sababu ya mtu mmoja. Juma Kaseja, mzaliwa wa mkoa huo mwaka 1985, alijijengea jina kwa mikwaju hiyo, lakini takriban maisha yake yote ya uwanjani yalipita mbali na ziwa. Alianza kusikika akiwa na Moro United ya Morogoro, kisha akasajiliwa na Simba.

Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alisimama langoni jijini Cairo dhidi ya Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilikuwa imeshinda bao 1-0 Dar es Salaam na ikafungwa bao 1-0 ugenini. Ikaja mikwaju ya penalti, Kaseja akaonyesha utulivu ambao haukulingana na umri wake, na Wekundu wa Msimbazi wakavuka kwa 3-2 hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kocha wa kikosi kile alikuwa Mkenya James Siang'a, naye kipa wa zamani wa Harambee Stars. Huenda ni mlinda mlango pekee awezaye kumwamini kijana kiasi hicho katika mchezo wa namna ile.

Hata hivyo, sifa ya kipa nchini Tanzania haina akiba. Kocha Mbrazili Marcio Maximo, aliyekabidhiwa Taifa Stars mwaka 2006, alimweka kando Kaseja kwa muda mrefu, na mjadala huo uliwagawa mashabiki vijiweni na kwenye kurasa za magazeti. Mwaka 2008 alivuka mtaa kwenda Yanga, na mwaka uliofuata akarejea Msimbazi. Mei 6, 2012 Simba ilipoifumua Yanga mabao 5-0, bao moja lilikuwa la kipa huyo, kwa penalti. Ilikuwa siku ambayo hakuna mwana Msimbazi angekubali kusikia neno baya juu yake.

Mwaka mmoja ulitosha kugeuza upepo. Simba haikumwongezea mkataba mwaka 2013, akasajiliwa tena na Yanga, na Desemba mwaka huo huo Yanga ilipolala 3-1 mbele ya Simba katika mchezo wa Nani Mtani Jembe, lawama zote zilimwangukia yeye. Mshambuliaji akikosa mabao matatu na kufunga la nne hubebwa mabegani. Kipa akiokoa manne na kuponyokwa na la tano huulizwa amelipwa na nani. Kaseja alilionja hilo katika pande zote mbili za Kariakoo, jambo ambalo wachezaji wachache wamelistahimili.

Kutoka hapo alishukia Mbeya City, Kagera Sugar na hatimaye KMC ya Kinondoni. Wengi walikwisha kumhesabu miongoni mwa wastaafu. Mwaka 2019 Etienne Ndayiragije, kocha raia wa Burundi aliyewahi kufanya naye kazi KMC, alikabidhiwa Taifa Stars kwa muda na kumwita. Kaseja alikuwa na miaka 34. Agosti, jijini Nairobi, Kenya iliondolewa kwa penalti 4-1 katika kuwania tiketi ya CHAN. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Burundi, katika hatua ya awali ya kufuzu Kombe la Dunia: sare ya 1-1 Bujumbura, sare ya 1-1 Dar es Salaam, kisha penalti 3-0. Warundi hawakufunga hata moja.

Kwa mkazi wa Kigoma mchezo ule ulikuwa na ladha ya pekee. Bujumbura iko karibu zaidi na Ujiji kuliko ilivyo Dar es Salaam, ambayo kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Mrundi alimwamini mtoto wa Kigoma, na mtoto wa Kigoma akawafungia Warundi mlango.

Reli hiyo ndiyo kiini cha suala. Ukoo wa Manara, wenye asili ya Kigoma, ulimtoa Sunday Manara aliyecheza Heracles ya Uholanzi katika miaka ya 1970, lakini jina lake lilikuzwa Dar es Salaam. Kaseja naye ilibidi aondoke. Mashujaa imeleta mechi kubwa. Bado haijawa dhahiri kwamba imeleta ngazi. Kikosi cha Ligi Kuu hukusanywa kutoka kila pembe ya nchi na hata nje yake, na timu inayopigania kubaki daraja haina subira ya kumfundisha kipa wa miaka 16 namna ya kupanga mabeki wake.

Kaseja mwenyewe, baada ya kutundika glovu, aliingia katika ukocha. Nako alikwenda kufanya kazi mbali na Kigoma, wakati ambapo mkoa una timu ya Ligi Kuu na kikosi cha vijana wa chini ya miaka 20 kinachohitaji walimu. Majina ya kuangaliwa kila msimu unapoanza ni yale ya orodha ya kikosi hicho cha vijana: wangapi wametoka Gungu, Mwanga na Ujiji, na ni nani kati yao anayevaa jezi namba moja.