Mpira wa raga haungojwi udunde
Mashabiki wa soka, mnaoucheka mpira wa raga mkiuita yai, tulieni kidogo. Uzito wake ni gramu 410 hadi 460, karibu sawa na wa soka. Tofauti iko kwenye mdundo: ukitua kwa ncha, hata aliyeupiga hajui utaelekea wapi.

Sasa, katika raga ya wachezaji saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanza tena. Mkiuacha udunde, wapinzani wanaweza kuunyakua na kufunga tena, nanyi hamjaugusa!

Kwa hiyo Shujaa wa Kenya wakiingia uwanjani, msitazame mbio peke yake. Tazameni nani anaruka kuudaka hewani. Mechi nyingi huponyoka hapo.