Wafu Wasio na Majina

Wewe mwanafunzi wa Kabiria, au wa Riruta, Kawangware na Dagoretti, umesafiri na shule yako mara ngapi? Yamkini umepelekwa Mombasa ukaiona Ngome ya Yesu, au Naivasha ukawaona viboko. Safari hizo si mbaya. Lakini iko safari nyingine ya siku tatu, ambayo siku zake mbili za kwanza hazihitaji zaidi ya nauli ya matatu, na shule zetu karibu zote huipuuza. Nasema kuipuuza ni aibu, na aibu hiyo si ya walimu peke yao.

Vijana wa Israeli wakikaribia kumaliza masomo ya sekondari wamekuwa wakichukuliwa kwa maelfu, kwa miaka mingi, kwenda Poland. Huzuru kwa siku kadhaa mitaa ya Warsaw na Kraków walimoishi Wayahudi, kisha hufika Auschwitz walikouawa. Safari hizo zina makosa, na Waisraeli wenyewe huyasema: gharama ni kubwa, tena wako wanaoona kwamba kijana hurudi na kiburi cha taifa kuliko maarifa ya historia. Sikuambii uige yote. Naomba uige jambo moja, nalo ni kwamba wafikapo huko husoma majina. Nyumba ya kumbukumbu ya Yad Vashem, iliyoko Jerusalem, imekusanya majina yapatayo milioni 5 kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa. Hayakuokotwa barabarani. Kwa mengi ya majina hayo, ndugu, marafiki na majirani walijaza karatasi moja moja, kila marehemu na karatasi yake: jina, wazazi, mji, kazi, mahali alipokufa.

Najua utakalojibu, maana nimelisikia likisemwa na watu wazima wenye elimu: hayo ni mambo ya Wazungu na Wayahudi, sisi yatuhusu nini? Basi sikiliza habari za Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mtoto askari katika jeshi la Wajerumani, na baba yake askari pia. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akadai mshahara wa baba yake na wake ambao hawakulipwa. Akanyimwa. Akabaki huko akifanya kazi mikahawani, akacheza katika filamu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili, lugha hii hii uisomayo sasa. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa sababu ya mapenzi yake na mwanamke Mjerumani, ukamtia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen pamoja na Wayahudi na wengine wengi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Ujerumani iko desturi, aliyoianzisha msanii Gunter Demnig katika miaka ya 1990, ya kutia vijiwe vyenye bamba la shaba njiani, mbele ya nyumba alimokaa mtu aliyeuawa na Wanazi. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimefika 100,000. Kimoja, kilichowekwa Berlin mwaka 2007, kina jina la mtoto huyo wa Dar es Salaam. Mwafrika wa Mashariki ameandikwa jina katika njia ya mji uliomwua. Twende sasa tukaone kama tutalipata jina la mwenzake katika njia za mji wetu.

Siku ya kwanza shukeni katikati ya mji. Pale Uhuru Highway inapokutana na University Way pana sinagogi la Wayahudi wa Nairobi. Mwalimu hana budi kuomba ruhusa kwa barua mapema, maana pahali hapo hulindwa. Jamaa ya waumini hao ilianzishwa mwaka 1904, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka mitano tu. Mwaka mmoja kabla, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amewaahidi Wayahudi nchi ya kukaa, na nchi aliyoitoa ni Uasin Gishu. Hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamasai. Mkutano wa Wazayuni wa mwaka 1905 ndio ulioikataa zawadi hiyo. Miaka thelathini na mitatu baadaye, Wayahudi walipohitaji kweli pa kukimbilia, koloni ile ile iliyokuwa karimu kwa ardhi ya wengine ilipokea mamia kadhaa tu. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, wanaume waliomkimbia Hitler wakawekwa kizuizini kwa kuwa eti ni Wajerumani, maadui wa Uingereza. Simama mbele ya sinagogi hilo uyafikiri hayo. Yamo katika historia ya nchi yako.

Kutoka hapo nendeni kwa miguu hadi Kenyatta Avenue, penye sanamu za watu watatu wa shaba. Wamesimama hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918. Watu hupita wakizungumza na simu, na wengi hudhani ni pambo la barabara. Wewe soma maandishi yaliyo chini yao. Yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Zunguka jiwe hilo pande zote: hakuna jina hata moja. Nadhani hapana pahali pengine Nairobi ambapo ahadi na uvunjaji wake vimewekwa juu ya jiwe moja, na sisi tunapita.

Usiniambie kwamba wapagazi hawakujulikana majina. Waliandikishwa, wakapewa namba, mishahara yao ikatiwa katika madaftari. Mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, walikusanywa kwa nguvu wilaya baada ya wilaya, na nchi ya Wakikuyu haikusalimika. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na unga ulioiva nusu. Na mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa hoja kwamba hawakuonekana. Alipokuwa hai alionekana vizuri sana, akabebeshwa mzigo! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri wazi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Siku ya pili ni ya karibu na nyumbani. Makaburi ya Vita ya Nairobi yako Barabara ya Ngong, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kabiria. Yalifunguliwa mwaka 1941, na wamelala humo watu karibu 2,000 wa Vita Kuu ya Pili. Kila mmoja ana jiwe lake. Kwa kawaida ya Tume hiyo, Mkristo huwekewa msalaba na Myahudi nyota ya Daudi. Humo pia umo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya waliozama na meli Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikielekea Ceylon. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Soma majina hayo kwa sauti. Ukitoka, pandeni gari hadi Kariokor, mtaa na soko lililopata jina lake kwa Kikosi cha Wapagazi. Hapo hutaona ubao wenye majina; utaona vikapu na nyama choma, vitu vizuri vyote viwili.

Siku ya tatu, kama fedha zipo, ni Gilgil, ambako Waingereza waliwafunga mwaka 1947 na 1948 Wayahudi waliokuwa wakiwapiga vita katika Palestina. Kama fedha hazipo, kaeni Kabiria mkafanye kazi.

Utasema mtihani hauyaulizi hayo. Kweli, hauyaulizi. Wala mtihani haukuwauliza watu wa Cape Town, ambako mwezi wa Januari 2025 ulifunguliwa ukumbusho wenye majina 1,772 ya vibarua Weusi wa vita vile vile, kila jina na nguzo yake ya mti. Majina hayo yalikuwamo katika majalada, yakingoja mtu wa kuyatafuta. Yetu mengine yamo vichwani mwa wazee waliokuwa wajukuu wa wapagazi, na wazee hao hawatungoji. Nenda kwa babu yako, au kwa mama mzee wa jirani, umwamkie vizuri, umwulize ni nani wa ukoo wake aliyechukuliwa asirudi. Daftari la kawaida la dukani latosha. Safu ya kwanza andika jina. Ya pili, jina la baba yake na kijiji. Ya tatu, vita gani. Ya nne, nani aliyekutajia, na tarehe aliyokutajia.